Kuhalalisha jengo lililojengwa bila kibali

Kuhalalisha jengo lililojengwa bila kibali ni utaratibu ambao mwenye nyumba anaomba idhini ya mamlaka inayosimamia ujenzi baada ya kazi kuanza au kukamilika, badala ya kuomba kabla ya kuanza kama sheria inavyotaka. Utaratibu huu unaweza kuhusu nyumba nzima, lakini mara nyingi unahusu nyongeza na mabadiliko: chumba kilichoongezwa nyuma, fremu za maduka zilizojengwa mbele, ukuta wa uzio, choo na shimo lake, paa lililobadilishwa, au ghorofa iliyopandishwa juu ya nyumba ya chini.

Nchini Tanzania sheria inadai kibali kitangulie ujenzi. Kwa hiyo kibali kinachotolewa baadaye si haki ya mwombaji, wala si msamaha unaofuta kosa. Ni uamuzi wa mamlaka kwamba jengo, jinsi lilivyosimama au baada ya kurekebishwa, lingeweza kuruhusiwa kama lingeombewa kibali mapema. Maswali makuu ni mawili: je, jengo liko mahali panaporuhusiwa, na je, ni imara na salama kwa wanaolitumia? Jengo lisilofaulu swali la kwanza kwa kawaida haliwezi kuhalalishwa hata kama ni zuri na la gharama kubwa.

Kibali na hati nyingine zinazochanganywa nacho

Wenye nyumba wengi huamini kwamba nyumba yao imekwisha kuhalalishwa kwa sababu wana karatasi ya aina fulani kutoka serikalini. Karatasi hizo zina kazi tofauti.

Kibali cha ujenzi ni ruhusa ya kujenga au kubadili jengo fulani, katika kiwanja fulani, kwa kufuata michoro iliyopitishwa. Kikitolewa kwa nyumba ya vyumba vitatu, hakihusu chumba cha nne kitakachoongezwa miaka kumi baadaye.

Hati ya kumiliki ardhi inaonyesha nani ana haki ya kutumia kiwanja, kwa matumizi gani na kwa muda gani. Haionyeshi kwamba jengo lililomo limeruhusiwa.

Urasimishaji wa makazi ni mpango wa kutambua, kupanga na kupima maeneo yaliyojengwa kiholela ili wakazi wapate hati. Unatajwa katika Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999. Mtaa unaporasimishwa, barabara za ndani hutengwa, bikoni huwekwa na kila mwenye nyumba hupata namba ya kiwanja. Hiyo ni hatua kubwa, kwa kuwa bila kiwanja kinachotambulika maombi ya kibali hukwama. Hata hivyo urasimishaji unahusu ardhi. Uimara wa kuta na paa haukaguliwi.

Leseni ya makazi ni haki ya muda mfupi ya kukaa katika ardhi isiyopimwa mjini. Ilianza kutolewa kwa wingi Dar es Salaam kuanzia mwaka 2004.

Risiti ya kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa pamoja na malipo ya umeme, inathibitisha malipo ya kodi tu. Vivyo hivyo mita ya umeme, bomba la maji, namba ya nyumba na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoweza kusimama badala ya kibali cha ujenzi.

Historia

Udhibiti wa ujenzi katika Tanganyika ulianza wakati wa ukoloni kwa kanuni za miji zilizohusu afya, moto na utengano wa makazi. Sheria ya mipango ya miji na vijiji ya mwaka 1956 iliendelea kutumika muda mrefu baada ya uhuru. Nyumba za wenyeji katika maeneo ambayo hayakupangwa hazikuhesabiwa kuwa na kibali, na kwa miaka ya mwanzo ya uhuru serikali ilizibomoa baadhi na kujenga mpya kupitia Shirika la Nyumba la Taifa lililoundwa mwaka 1962.

Mwaka 1972 sera iligeuka. Ilionekana kwamba kubomoa kunapunguza nyumba wakati mahitaji yanaongezeka. Serikali, baadaye kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilianza kupima viwanja vyenye huduma, kwa mfano Sinza na Kijitonyama, na kuboresha maeneo yaliyokwisha kujengwa kama Manzese. Tangu hapo wazo la kukubali kilichopo na kukitengeneza limekuwa sehemu ya sera ya makazi nchini. Mwaka 2002 ulianza mradi wa viwanja 20,000 jijini Dar es Salaam, na mwaka 2004 ulianzishwa Mpango wa Kurasimisha Rasilimali na Biashara za Wanyonge Tanzania (MKURABITA).

Sheria zinazohusika Tanzania Bara

Udhibiti wa majengo haumo katika sheria moja. Zilizo muhimu kwa mwenye nyumba ni hizi:

Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007, inayokataza kuendeleza ardhi ndani ya eneo la mipango bila idhini ya mamlaka ya upangaji.

Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982, yaani Na. 7 kwa mamlaka za wilaya na Na. 8 kwa mamlaka za miji. Hizi huzipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo na kusimamia ujenzi. Chini ya sheria ya mamlaka za miji zilitungwa kanuni za udhibiti wa uendelezaji za mwaka 2008.

Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 za mwaka 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayozuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa, mabwawa na fukwe.

Sheria ya Barabara Na. 13 ya 2007, inayolinda hifadhi ya barabara. Kwa barabara kuu na za mkoa hifadhi hiyo kwa kawaida ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kabla ya sheria hiyo ilikuwa mita 22.5.

Wataalamu nao wana sheria zao. Wahandisi na makandarasi husajiliwa na bodi zilizowekwa kwa sheria za mwaka 1997, na wabunifu majengo pamoja na wakadiriaji majenzi husajiliwa kwa sheria ya mwaka 2010.

Kazi zinazohitaji kibali

Kupaka rangi, kubadilisha vitasa, kuziba bati linalovuja na kupiga plasta upya ni matengenezo ya kawaida. Kibali huhitajika pale kazi inapobadili ukubwa wa jengo, uimara wake, matumizi yake au uhusiano wake na majirani. Mifano ni:

kuongeza chumba, baraza au gereji;
kupandisha ghorofa au kubadili umbo la paa;
kutoa ukuta unaobeba mzigo ili kupata sebule kubwa;
kujenga uzio, hasa upande wa barabara;
kuchimba shimo la maji taka;
kugeuza nyumba ya kuishi kuwa duka, nyumba ya wageni, shule au zahanati.

Kubadili matumizi ndiko kunakosahaulika zaidi, kwa sababu kuta hazijaguswa. Lakini nyumba ya watu sita ikigeuzwa bweni la wanafunzi arobaini, milango, vyoo, njia za kutokea wakati wa moto na shimo la maji taka vyote huwa havitoshi tena.

Sababu za kujenga kabla ya kibali

Sababu ya kwanza ni namna nyumba zinavyojengwa. Familia nyingi za Afrika Mashariki hazijengi kwa mkopo wa benki bali kwa awamu: msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, bati baada ya mavuno au baada ya kiinua mgongo. Tofali linanunuliwa leo kwa sababu fedha ipo leo. Kusubiri kibali huonekana kama kuiacha fedha iishie kwenye mahitaji mengine.

Sababu ya pili ni ardhi. Sehemu kubwa ya wakazi wa mijini wako katika maeneo yaliyojengwa kabla ya kupimwa. Asiye na namba ya kiwanja hawezi kujaza fomu ya maombi ipasavyo, hivyo huanza kujenga.

Sababu ya tatu ni gharama za michoro na ada, ambazo kwa chumba kimoja cha nyongeza zinaweza kuonekana kubwa kuliko kazi yenyewe. Ya nne ni imani kwamba fundi mzoefu anatosha. Fundi mzuri anajua kazi yake, lakini hana wajibu wa kujua kwamba kiwanja kimepitiwa na njia ya maji ya mvua au kwamba barabara ya mbele itapanuliwa.

Utaratibu wa kuhalalisha

Hatua hutofautiana kidogo kati ya halmashauri na halmashauri, lakini mtiririko wake kwa jumla ni huu.

1. Kusimamisha kazi. Kama ujenzi unaendelea, unasimamishwa kwanza. Anayeendelea kujenga baada ya kupewa notisi huongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

2. Kuthibitisha ardhi. Mwombaji hukusanya hati au barua ya toleo, risiti za kodi ya pango la ardhi na ramani ya upimaji. Bikoni hutafutwa na kuonwa. Ikiwa chumba kimevuka mpaka wa jirani, jambo hilo hutatuliwa kabla ya lingine lolote, kwa makubaliano ya maandishi au kupitia vyombo vya kutatua migogoro ya ardhi.

3. Kuchora jengo jinsi lilivyo. Mchoraji mwenye sifa hupima jengo lililosimama na kuchora ramani zake: mahali lilipo ndani ya kiwanja, vyumba, sura za nje, mkato unaoonyesha msingi na paa, pamoja na choo na shimo la maji taka. Kuwasilisha mchoro mzuri usiofanana na jengo ni udanganyifu, na mkaguzi atakapofika maombi huangukia hapo.

4. Uthibitisho wa uimara. Kwa nyumba ya ghorofa, au nyumba ya chini iliyoongezewa mzigo, mhandisi aliyesajiliwa huandaa hesabu na michoro ya nguzo, mihimili na zege. Kwa kuwa nondo hazionekani tena, mhandisi anaweza kutaka sehemu ya sakafu ichimbwe, plasta ibanduliwe au zege lipimwe.

5. Kuwasilisha maombi. Fomu na nakala za michoro hupelekwa halmashauri, ama kwa mkono ama kupitia mfumo wa kielektroniki wa TAUSI ulio chini ya TAMISEMI. Katika barua ya maombi husemwa wazi kwamba jengo limekwisha kujengwa na ni mwaka gani.

6. Ukaguzi. Afisa mipango miji huangalia matumizi ya kiwanja na umbali kutoka mipakani. Afisa afya huangalia hewa, mwanga, choo na maji taka. Mhandisi wa halmashauri huangalia uimara. Kwa baadhi ya majengo maoni ya zimamoto na ya mamlaka ya mazingira pia huhitajika.

7. Uamuzi. Mamlaka inaweza kukubali, kukubali kwa masharti, au kukataa. Masharti ya kawaida ni kubomoa sehemu iliyozidi, kuhamisha shimo la maji taka, kufungua dirisha, au kuongeza nguzo. Ada hulipwa, na adhabu inaweza kutozwa kwa mujibu wa sheria na sheria ndogo za halmashauri. Malipo yote hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali, na risiti yake hutunzwa pamoja na michoro iliyogongwa muhuri.

Faini peke yake haigeuki kuwa kibali. Mtu aliyelipa faini mahakamani au halmashauri, bila kupewa michoro iliyopitishwa, bado ana jengo lisilo na kibali.

Yanayorekebishika na yasiyorekebishika

Kasoro nyingi za nyumba za kawaida zinaweza kurekebishwa. Chumba kisicho na hewa hufunguliwa dirisha. Ukuta usio na lenta hufungwa mkanda wa zege. Maji ya paa yanayomwagikia kwa jirani huwekewa mfereji wa bati. Choo kilicho karibu mno na kisima hufungwa na kingine kuchimbwa mahali pengine. Ufa mdogo kwenye kona ya nyongeza mara nyingi unaonyesha kwamba msingi mpya haukufungamanishwa na wa zamani, na hapo methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta huwa na maana yake halisi.

Yasiyorekebishika kwa kawaida ni matatu. La kwanza ni mahali: hifadhi ya barabara au reli, chini ya nyaya za umeme mkubwa, kingo za mto, mkondo wa maji ya mvua, au kiwanja kilichotengwa kwa shule na makaburi. La pili ni ardhi ya mtu mwingine. La tatu ni jengo lililobebeshwa mzigo ambao msingi wake hauwezi kuuchukua.

Matukio ya Dar es Salaam yanaonyesha uzito wa jambo hili la tatu. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Ilibainika kwamba ghorofa zake zilizidi zilizoruhusiwa. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lenye maduka huko Kariakoo lilianguka wakati watu wakiwa ndani, na zaidi ya watu 25 walifariki. Taarifa za wakati huo zilieleza kwamba sehemu ya chini ilikuwa ikichimbwa ili kuongeza nafasi ya biashara. Katika matukio yote mawili hatari ilihusishwa na kile kilichoongezwa.

Huko Kagera, tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 liliharibu maelfu ya nyumba mjini Bukoba na vijijini. Nyumba za udongo na za tofali zisizofungwa kwa mkanda wa zege ziliumia sana. Mkoa wa Manyara nao uko kwenye Bonde la Ufa, kwa hiyo lenta na mkanda si mapambo.

Notisi, alama ya X na ubomoaji

Halmashauri ikigundua ujenzi usio na kibali hutoa notisi ya kusimamisha kazi, kisha inaweza kudai maelezo, kutoza adhabu au kuamuru kubomoa. Umma unaitambua zaidi alama ya X inayochorwa ukutani kwa rangi. X ni onyo kwamba jengo limo katika orodha ya kuondolewa. Mwenye nyumba anatakiwa kuuliza kwa maandishi ni mamlaka gani iliyoiweka, kwa sheria gani, na muda uliotolewa ni upi. X ya wakala wa barabara haiondolewi na halmashauri, na ya halmashauri haiondolewi na mwenyekiti wa mtaa.

Mwaka 2017 majengo mengi kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, yalibomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Wakazi wengi walikuwa wameishi hapo kwa miaka mingi wakiwa na umeme na maji, na mgogoro wa nani anastahili fidia ulidumu muda mrefu. Tukio hilo hutajwa mara nyingi kama somo kwamba muda mrefu wa kukaa na huduma za serikali si ushahidi wa kibali.

Anayepinga notisi anashauriwa kuijibu ndani ya muda uliotajwa, kuambatanisha nakala za hati, na kuhifadhi nakala iliyopokelewa kwa muhuri. Kukaa kimya huchukuliwa kuwa ni kutokuwa na hoja.

Vijijini: Tumati na wilaya za Mbulu na Hanang

Tumati ni kata ya Wilaya ya Mbulu katika Mkoa wa Manyara, ulioanzishwa mwaka 2002 kwa kuugawa Mkoa wa Arusha. Wakazi wengi wa eneo hilo ni Wairaqw, wakulima na wafugaji. Nyumba yao ya asili ilikuwa tembe: nyumba fupi ya miti na udongo, yenye paa bapa la udongo, wakati mwingine ikiwa imechimbiwa kwenye mteremko wa kilima. Leo tembe nyingi zimeachia nafasi nyumba za tofali za kuchoma zenye bati, na mabadiliko hayo ndiyo maboresho makubwa ya nyumba ambayo familia nyingi hufanya katika maisha.

Katika kijiji cha namna hii suala la kibali lina sura tofauti na mjini. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, na hati inayotolewa ni hatimiliki ya kimila. Kanuni za ujenzi za mijini hazimgusi moja kwa moja mkulima anayejenga nyumba katika shamba lake mbali na eneo lililotangazwa kuwa la mipango miji. Kwake yeye maswali ni haya: je, ardhi ni yake kwa kumbukumbu za kijiji? Je, mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji unaruhusu makazi hapo, au ni malisho, msitu, njia ya mifugo au chanzo cha maji? Je, sheria ndogo za halmashauri ya wilaya kuhusu vyoo na ujenzi zimefuatwa?

Hali hubadilika pale kituo cha biashara kinapokua, kama ilivyo katika miji kama Dongobesh na Haydom katika wilaya hiyohiyo, au Katesh katika Wilaya ya Hanang. Eneo likitangazwa kuwa la mipango, nyumba iliyojengwa kihalali wakati wa kijiji hujikuta ndani ya mji. Kosa la kujenga bila kibali halirudi nyuma hadi kabla ya tangazo, lakini kila nyongeza inayofuata inahitaji kibali. Kwa hiyo ni busara kwa mwenye nyumba kuwa na ushahidi wa lini nyumba ilijengwa: muhtasari wa mkutano wa kijiji, picha zenye tarehe, risiti za bati na saruji, au maelezo ya majirani yaliyothibitishwa na ofisa mtendaji wa kijiji.

Mwenye nyumba wa Tumati anayetaka kuweka kumbukumbu zake sawa huanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji na ofisa mtendaji wa kijiji, kisha halmashauri ya kijiji, ofisa mtendaji wa kata, na mwisho idara ya ardhi na mhandisi wa halmashauri ya wilaya. Mgogoro wa mpaka husikilizwa kwanza kwa usuluhishi katika baraza la ardhi la kijiji au la kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 baraza la kata husuluhisha tu. Uamuzi wenye nguvu ya hukumu hutolewa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Umuhimu wa mahali ulionekana kwa uchungu katika Wilaya ya Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, na kufunika sehemu za Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa, na baadhi ya familia zilijengewa makazi mapya mahali pengine. Nyumba zenye hati na zisizo na hati zilichukuliwa sawa. Tukio hilo linaeleza kwa nini mkaguzi anayekataa kuhalalisha nyumba iliyo kwenye mkondo wa maji hatetei karatasi. Mkondo uliokauka miaka ishirini bado ni mkondo.

Zanzibar

Zanzibar ina sheria zake za ardhi na mipango. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, ulioandikishwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2000, udhibiti ni mkali zaidi. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, hushughulikia hata kazi ambazo kwingineko ni matengenezo ya kawaida: kubadilisha mlango wa nakshi, kuziba baraza, kuweka dirisha la alumini au kutumia saruji badala ya chokaa kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe. Kuhalalisha kazi ya aina hiyo kwa kawaida kuna maana ya kurudisha hali ya awali.

Nchi nyingine

Kenya hutumia Sheria ya Mipango ya Maeneo na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, inayozipa serikali za kaunti jukumu la kutoa idhini ya ujenzi. Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitunga mwaka 2015 sheria maalumu ya kuhalalisha majengo yaliyojengwa bila idhini. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la makazi lililokuwa karibu na mto huko Huruma, Nairobi, lilianguka wakati wa mvua na kuua watu wapatao 50. Lilikuwa limekwisha kuwekwa katika orodha ya majengo ya kubomolewa.

Uganda ilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Majengo mwaka 2013, iliyounda bodi ya taifa ya mapitio ya majengo na kamati za majengo katika wilaya na miji.

Nchini Uingereza utaratibu huu umeandikwa wazi katika kanuni za majengo. Mwenye nyumba anaweza kuomba cheti cha urasimishaji kwa kazi iliyofanyika tangu tarehe 11 Novemba 1985. Mkaguzi wa halmashauri anaweza kudai sakafu au ukuta ufunguliwe ili aone kilichofunikwa, na cheti hutolewa kwa sehemu aliyoweza kuiona. Cheti hicho kinahusu ubora wa ujenzi tu. Idhini ya mipango ni maombi mengine. Waafrika Mashariki wanaonunua nyumba huko hukutana na suala hili pale mwanasheria wa mnunuzi anapouliza karatasi za chumba cha darini au ukuta uliotolewa.

Faida na ukosoaji

Mwenye nyumba aliyehalalisha jengo lake hupata urahisi wa kuuza, kuweka rehani, kukata bima na kurithisha. Watoto wanaoachiwa nyumba bila michoro wala kibali hurithi pia notisi zake. Faida kubwa zaidi, hata hivyo, ni ukaguzi wenyewe, kwa kuwa huenda ikawa mara ya kwanza kwa mtaalamu kuangalia nyumba hiyo.

Wakosoaji wa utaratibu huu wanasema unawazawadia waliokiuka sheria na kuwakatisha tamaa waliosubiri kibali. Wengine wanasema tatizo liko kwenye gharama na ucheleweshaji wa vibali vya kawaida, na kwamba kibali cha chumba kimoja kikiwa rahisi na cha haraka, wachache watajenga kwanza na kuomba baadaye. Pande zote mbili zinakubaliana kwamba kuomba mapema ni nafuu kuliko kubomoa: mstari wa mchoro hufutwa kwa kifutio, ukuta hufutwa kwa nyundo.

Tazama pia

Mbulu
Wilaya ya Hanang
Mlima Hanang
Wairaqw
Mji Mkongwe
MKURABITA